Ukungu wa Ndani

Molo, Julai. Ukungu hushuka kutoka Mau
ukakaa barabarani hadi saa nne
kama mgeni asiyejua kuaga.
Huo tumeuzoea.
Ila huu mwingine,
ulioingia bila viatu ukajibanza nyuma ya kabati,
nao unaitwa ukungu.
Lugha haikuhangaika kutafuta neno la pili.
Labda ilijua.

Nilitoa koti la harusi niende mazishi Kuresoi,
nikalikuta limeota ndevu,
nyeupe, laini, za mtu aliyenizidi umri.
Nikasukuma kabati. Ukuta mweusi
kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtoto,
madoa juu ya madoa,
kama kunguni waliofia mkutanoni.

Bwana Ndirangu mwenye nyumba alikuja na kurunzi, mchana.
Akasema ni maji ya chini.
Akasema ni rangi rahisi ya mpangaji aliyetangulia.
Akasema kodi ni tarehe tano.

Mideva akasema ni mimi.
Mimi nikasema ni githeri,
saa tatu ikitokota, sufuria wazi,
maana kifuniko kiliazimwa na jirani tangu Pasaka.
Tukalala tumegeuziana migongo,
yeye akiuelekea ukuta.

Na ile methali ya ufa tuliitii.
Tuliziba. Chini ya mlango, gunia.
Dirishani, magazeti na gundi ya unga.
Tundu la hewa tukalisokomeza soksi za Jebet
zilizopoteza wenzao.
Hatukuacha ufa hata mmoja,
na bado ukuta ukajengeka, mweusi, juu ya ukuta.

Fundi Wepukhulu hakubeba kurunzi.
Aliweka kiganja kwenye jiwe, akakiacha hapo
kama mtu anayepima homa,
kisha akakilamba.
"Hauvuji huu," akasema. "Mnaunywesha.
Mnalala wangapi humu?"
Watatu.
"Nguo za mtoto mnaanika wapi?"
Nikatazama kamba juu ya kitanda.
Sweta ya shule ikadondosha tone, moja tu,
ikatujibia.

Usiku ule sikulala. Nilisikiliza
pumzi ya Mideva ikitoka vuguvugu,
ikitafuta pa kutua,
ikigusa jiwe,
ikigeuka maji.
Ya Jebet nyuma yake, fupi, ina filimbi kifuani.
Yangu pia, pamoja na yale niliyoyameza
badala ya kuyasema.
Kuta zina masikio, tunaonywa tangu utotoni.
Hakuna aliyetuambia zina kiu.

Jumamosi tulisugua. Jiki, brashi ya viatu, leso puani,
Mideva juu ya stuli, mimi nimepiga magoti.
Chini ya weusi, chini ya ile rangi rahisi,
penseli:
vistari vidogo vikipanda.
Murugi, Desemba. Murugi, Aprili.
Halafu kistari bila jina.
Halafu hakuna.
Mideva akashuka, akanishika mkono wenye brashi.
Kipande hicho, upana wa daftari, hatujakigusa.

Sasa kabati limesimama shubiri moja kutoka ukutani
kama mtu aliyekataa kuegemea.
Kifuniko nilinunua sokoni, kikubwa kuliko sufuria.
Soksi tumezichomoa.
Nguo zinaanikwa nje, zinakauka siku mbili, wakati mwingine tatu,
zinanuka moshi wa majirani.
Saa nne jua likipenya nafungua dirisha,
baridi inaingia bila kupangusa miguu.
Mideva analalamika, anajitanda blanketi,
kisha ananisogelea.
Mvuke wa uji unatoka polepole
unakutana na ule wa Mau juu ya viazi vya jirani,
na mimi hapo dirishani
sijui tena upi ni wetu.

Jebet anajipima penye penseli,
visigino vimegusa ukuta, kidevu juu.
Amempita Murugi wa Aprili.
Anauliza huyo mwingine asiye na jina ni nani.

Pembeni, karibu na dari, kidoa kimerudi,
punje ya wimbi, si zaidi.
Nimekiona.
Naenda kutafuta kitambaa.